Hatshepsut: Sanamu Ziliungwa Vizuri, Hadithi Ikaungwa Vibaya

Kwa takriban miaka mia moja wasomaji wa historia ya Misri wamesimuliwa kisa kitamu. Mama wa kambo mwenye tamaa anamnyang'anya mtoto wa mume wake kiti cha enzi. Anamweka pembeni miaka ishirini, anajivika ndevu za bandia na kujiita mfalme. Anapokufa, yule mtoto, ambaye sasa ni mwanamume mzima aliyejaa kinyongo, anatuma watu na nyundo wakavunje kila sanamu yenye uso wa mama yule. Kwa sisi tuliokulia kwenye ngano za mama wa kambo, kisa kama hiki hakihitaji ushahidi. Tunajua kinavyoanza na kinavyokwisha.

Taabu ni kwamba mawe yenyewe hayasemi hivyo.

Mwanamke anayezungumzwa ni Hatshepsut, aliyeitawala Misri kuanzia takriban mwaka 1479 hadi 1458 KK. Jina la Kleopatra ndilo lililoenea zaidi midomoni mwa watu, lakini Kleopatra alikuja baadaye sana, takriban miaka 1,400, na sanamu zake za hakika ni chache. Za Hatshepsut zipo nyingi, kubwa kwa ndogo, za mawe ya kila aina, na karibu zote zimepatikana vipande vipande. Anayetaka kumjua hana budi kuanza na vipande hivyo.

Alizaliwa ndani ya enzi. Baba yake, Thutmose wa Kwanza, alikuwa mfalme wa vita, aliyepeleka majeshi yake kusini hadi ndani ya Nubia na kaskazini hadi Mto Frati. Mama yake, Ahmose, alikuwa malkia mkuu. Kwa desturi ya jumba la kifalme, Hatshepsut aliolewa na ndugu yake wa baba mmoja, Thutmose wa Pili, akamzalia binti, Neferure. Mtoto wa kiume alizaliwa na mke mwingine, Iset, asiye wa cheo kikubwa. Thutmose wa Pili hakuacha sifa nyingi. Hata kaburi lake lilibaki halijulikani mpaka Februari 2025, Misri ilipotangaza kwamba limepatikana magharibi ya Luxor. Ndani yake palikuwa na vipande vya vyombo vya alabasta vyenye jina lake na jina la mke wake mkuu, Hatshepsut.

Mfalme huyo alipofariki, mrithi, Thutmose wa Tatu, alikuwa bado mtoto mdogo. Mtu mzima alihitajika kushika mambo, na Hatshepsut akayashika. Hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa malkia wa Misri walikuwa wamewahi kuwalelea wafalme wadogo utawala. Afisa mmoja wa wakati huo, Ineni, aliandika kaburini mwake kwamba kijana alikaa kwenye kiti cha baba yake huku Hatshepsut akiendesha shughuli za nchi. Jambo jipya lilikuja baadaye: kufikia mwaka wa 7 wa utawala huo, mlezi alikwisha kuwa mfalme. Tunaujua mwaka huo kwa mitungi tu. Katika kaburi la wazazi wa msimamizi wake mkuu, Senenmut, kulikuwa na mitungi iliyowekwa mwaka wa 7, mingine ikiwa na mhuri wa Hatshepsut kama mke wa mungu Amun, mingine ikiwa na jina lake jipya la kifalme, Maatkare.

Ikumbukwe kwamba kijana hakuondolewa. Miaka iliendelea kuhesabiwa kwa jina lake. Kwenye kuta za kibanda chekundu cha ibada ambacho Hatshepsut alijenga katika hekalu la Karnak, wafalme wawili wanaandamana, wamevaa sawa na kusimama sawa, na pasipo majina yao hungejua yupi ni yupi. Mmoja ni yeye, mwingine ni Thutmose. Tofauti ni kwamba aghalabu yeye ndiye aliyetangulia.

Hapo ndipo wachongaji walipopata kazi ambayo hawakuwa na kielelezo chake. Sanamu ya mfalme wa Misri haikuwa picha ya mtu. Ilikuwa mwili wa pili wa cheo, wenye kanuni zake: kifua wazi, mabega mapana, shuka fupi yenye mikunjo, kitambaa cha kichwani chenye milia, nyoka kwenye paji la uso, ndevu za bandia kidevuni. Kanuni hizo ziliwekwa kwa mwili wa kiume. Ungefanya nini kama mfalme wako ni mwanamke?

Majibu yao yapo, na yanaonyesha kwamba hawakulipata jibu kwa siku moja. Kuna sanamu ya diorite, ya kimo cha mtu halisi, inayomwonyesha Hatshepsut ameketi, amevaa gauni refu la kike lililobana mwili, matiti yakionekana, lakini kichwani ana kitambaa cha mfalme. Kuna nyingine ya mawe ya chokaa magumu, nyeupe, ambayo huenda ndiyo nzuri kuliko zote. Humo ameketi kifua wazi na shuka ya kifalme kama mfalme yeyote. Ila kiuno ni chembamba, mabega membamba, uso mwororo. Maandishi ya pembeni mwa kiti yanaendelea kumtaja kwa namna ya kike. Kisha zipo zile kubwa za graniti zilizokuwa zimepangwa uani mwa hekalu lake, ambamo dalili zote za kike zimeondoka: misuli, ndevu na kifua kipana.

Mtaalamu wa Ubelgiji, Roland Tefnin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alizipanga sanamu hizi kwa hatua akitumia kitu ambacho wengi walikipita: rangi. Wamisri walipaka ngozi ya wanawake manjano na ya wanaume nyekundu ya udongo. Sanamu za Hatshepsut zilizoegemezwa kwenye nguzo za hekalu lake, zikiwa na umbo la mungu Osiris, zina nyuso za manjano kwa baadhi, za rangi ya chungwa kwa nyingine, na nyekundu kabisa kwa nyingine. Rangi ya katikati, ile ya chungwa, ndiyo inayonivutia mimi. Haikuwa na mfano katika sanaa yao. Ni rangi ya mafundi wanaotafuta njia huku kazi ikiendelea.

Wapo waliosema alitaka kuwadanganya raia waamini kuwa ni mwanamume. Sidhani. Jina lake lilikuwa la kike na kila karani aliyeweza kusoma alilijua. Sanamu zilitangaza kwamba cheo kimeshikwa na mtu anayestahili, na cheo kilikuwa na sura moja tu iliyokubalika. Naye hakuacha uso wake upotee. Katika hatua zote tatu unabaki uleule: mpana juu na kuchongoka kidevuni, nyusi za upinde, macho marefu, pua nyembamba yenye kujikunja kidogo, na midomo inayokaribia kutabasamu. Uso huo ukawa mtindo wa karakana nzima, hata sanamu za ujanani za Thutmose wa Tatu zikafanana nao. Wataalamu wameshabishana mara nyingi juu ya kichwa kisicho na jina, kama ni cha mama wa kambo au cha mtoto.

Nyumba ya sanamu hizo ilikuwa Deir el-Bahri, ng'ambo ya magharibi ya Nile, mkabala na Karnak. Hekalu linapanda kwa ngazi tatu za nyua pana, safu za nguzo zikiwa zimetulia chini ya genge la mawe lenye urefu mara kadhaa ya jengo lenyewe. Wazo la umbo hilo lilitokana na hekalu la jirani, la mfalme Mentuhotep, lililokuwa tayari na umri wa miaka zaidi ya 500. Mara moja kila mwaka sanamu ya mungu Amun ilitolewa Karnak, ikavushwa mto kwa mashua na kubebwa mpaka ndani ya hekalu hilo. Ndiyo maana kando ya njia palilala sfinksi zenye mwili wa simba na kichwa cha Hatshepsut, na uani zikapiga magoti sanamu zake kubwa, kila moja imeshika vyungu viwili vya sadaka. Mfalme wa Misri humpigia magoti mungu peke yake, kwa hiyo sanamu zile zilikuwa na maana tu pale Amun alipopita.

Kwenye ukuta mmoja wa uwanja wa kati alichongesha kisa cha kuzaliwa kwake. Amun anajivika sura ya Thutmose wa Kwanza na kumwendea malkia Ahmose. Mungu Khnum, mwenye kichwa cha kondoo dume, anamfinyanga mtoto kwenye gurudumu la mfinyanzi. Mtoto anayefinyangwa ana umbo la mvulana. Ni siasa, wala haijifichi: anayetilia shaka haki yake akamuulize Amun.

Upande wa pili wa uwanja huohuo kuna michongo inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Katika mwaka wa 9, majahazi matano yalitumwa Punt, nchi ya ubani na manemane. Wachongaji wameonyesha nyumba za huko zenye paa la mviringo, zimesimama juu ya miti na kupandwa kwa ngazi. Wameonyesha mitende, ng'ombe, na samaki wa Bahari ya Shamu waliochongwa kwa uangalifu kiasi kwamba wataalamu wa samaki wanaweza kutaja aina zao. Mtawala wa Punt, Parahu, anatoka kuwapokea wageni pamoja na mke wake, Ati. Na Ati hakuchongwa kama wake wengine wa kifalme, wembamba wote kama waliotoka kalibu moja. Ni mwanamke mnene sana, minofu imemjaa mikononi na miguuni, nyuma yake punda anayetajwa kuwa ndiye anayembeba. Wengine wamesema ni kejeli, wengine ni ugonjwa. Mimi naona angalau mchongaji yule alichora mtu aliyeonekana kwa macho, jambo ambalo hakuruhusiwa kumfanyia malkia wake mwenyewe. Vipande vya picha hiyo viliibwa ukutani, na baadaye vikafikia makumbusho ya Cairo.

Punt ilikuwa wapi? Kwa muda mrefu kila mwandishi aliipeleka alikotaka, wengine hata mwambao wetu. Ushahidi mzuri zaidi umetoka kwa nyani. Mwaka 2020 watafiti walichapisha vipimo vya kemikali vya nyani waliokaushwa na Wamisri wa kale, na asili ya baadhi yao ikaangukia eneo la Eritrea, Ethiopia, Jibuti na Somalia ya leo. Tuiache hapo, kwenye Pembe ya Afrika, ambako ubani bado unagemwa na kuuzwa, na ambako mwambao wa Waswahili umeupata kwa karne nyingi. Shehena ya Hatshepsut ilikuwa na dhahabu, mpingo, ngozi za chui, nyani, na miti hai ya manemane 31, mizizi yake ikiwa ndani ya vikapu vilivyobebwa kwa mipiko.

Utawala wake haukuwa wa biashara tu. Aliagiza vita Nubia pia. Lakini kilichomshughulisha kuliko yote ni ujenzi. Moja ya nguzo zake ndefu za graniti, zile ziitwazo obeliski, bado imesimama Karnak. Ina urefu wa karibu mita 30 na uzito wa zaidi ya tani 300, jiwe moja lisilo na kiungo, na maandishi ya chini yanasema ilichukua miezi 7 kuichonga kutoka mwambani Aswan. Mwenzake ilianguka.

Alifariki takriban 1458 KK. Kijana aliyekuwa nyuma yake katika maandamano akabaki mfalme pekee, na muda mfupi baadaye akaongoza jeshi mpaka Megido na kushinda. Ulimwengu unamkumbuka kama mmoja wa majemadari wakubwa wa Misri. Sanamu za mama yake wa kambo zilitolewa hekaluni, zikavunjwa na kutupwa kwenye mashimo yaliyokuwa mbele ya hekalu. Kwenye kuta, patasi zikachimba umbo lake likabaki kivuli cha shimo. Katika orodha ya wafalme ambayo mfalme Seti wa Kwanza aliichongesha Abydos, yapata miaka 170 baada ya kifo cha Hatshepsut, hayumo. Champollion, Mfaransa aliyefungua siri ya maandishi ya Misri, alipofika Deir el-Bahri mwaka 1829 alishangaa kumkuta mfalme mwenye ndevu anayetajwa kama mwanamke.

Waliozitoa sanamu shimoni walikuwa wachimbaji wa Metropolitan Museum of Art ya New York, chini ya Herbert Winlock, katika miaka ya 1920. Maelfu ya vipande vilitoka, vingine vidogo kama ngumi, vingine tani kadhaa. Kazi ya kuviunga ilihitaji uvumilivu wa ajabu, kwa sababu vingine vilikwisha kuondoka Misri: mtaalamu Mjerumani, Karl Richard Lepsius, alikuwa amechukua baadhi kwenda Berlin katika miaka ya 1840. Kiwiliwili cha ile sanamu nyeupe kilikuwa Ujerumani wakati kichwa chake kilikuwa bado chini ya kifusi. New York na Berlin zikabadilishana vipande ili kila jumba lipate sanamu iliyo nzima. Sfinksi moja ya graniti, yenye zaidi ya tani 7, iliungwa hivyohivyo, kipande kwa kipande.

Winlock na wenzake waliunga mawe kwa ustadi. Walipogeukia hadithi, waliunga kwa haraka. Mbele yao palikuwa na mwanamke mwenye madaraka, mtoto wa kambo, na uharibifu. Wakajaza pengo kwa chuki. Senenmut naye akafanywa hawara, kwa kuwa hawakuona namna nyingine ya kueleza mwanamke kumpandisha cheo mwanamume hodari. Sanamu zinazomwonyesha Senenmut amempakata Neferure mdogo, kichwa cha mtoto kikichungulia kwenye joho lake, zinaonyesha mlezi wa binti mfalme. Hayo mengine ni umbea wa wasomi.

Ufa wa kwanza katika hadithi hii ulionekana miaka ya 1960, pale mtaalamu Charles Nims alipochunguza tarehe za majengo ya Karnak na kubaini kwamba ufutaji ulianza mwishoni mwa utawala wa Thutmose wa Tatu, takriban miaka 20 baada ya kifo cha Hatshepsut. Hasira gani husubiri miaka 20? Tena Thutmose alikuwa mtu mzima mwenye nafasi jeshini mama yake wa kambo akiwa hai; kama alitaka kumpindua, uwezo alikuwa nao. Jambo jingine ni kwamba mahali pengi alipochongwa kama malkia, mke wa Thutmose wa Pili, hakuguswa. Aliyefutwa ni Hatshepsut mfalme. Wataalamu wengi sasa wanaona hapo maandalizi ya urithi: Thutmose alikuwa mzee, alitaka mwanawe, Amenhotep wa Pili, apokee kiti katika mstari ulionyooka wa akina Thutmose, bila swali la tawi jingine la ukoo.

Utafiti wa karibuni umeenda mbali zaidi. Mwaka 2025 mtafiti Jun Yi Wong wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za uchimbaji wa Winlock, picha na maandishi ya shambani yaliyokuwa yamekaa miaka mingi bila kuunganishwa. Aligundua kwamba sanamu nyingi zilivunjika shingoni, kiunoni na magotini, na nyuso nyingi hazikuharibiwa. Mtu mwenye chuki huanza na uso. Kuvunjwa shingo, kiuno na magoti ndiko kulikofanyiwa sanamu za wafalme wengine wa Misri pia, waliopendwa na wasiopendwa, kwa imani kwamba sanamu ina nguvu na haina budi kutolewa nguvu hiyo kabla ya kuondolewa mahali pake. Sehemu ya uharibifu uliobaki ilitokana na watu wa baadaye waliotaka mawe tu ya kutumia. Wong hakatai kwamba Hatshepsut aliandamwa baada ya kifo. Majina yaliyochimbwa ukutani ni ushahidi tosha. Anachokataa ni hasira.

Mwili wake pia umetafutwa. Mchimbaji Howard Carter aliingia mwaka 1903 katika kaburi dogo kwenye Bonde la Wafalme na kukuta maiti mbili za wanawake, akaziacha. Mwaka 2007 mtaalamu Zahi Hawass alitangaza kwamba mmoja wao, mwanamke mnene wa makamo, ndiye Hatshepsut, kwa kutegemea jino lililokuwa kwenye kisanduku chenye jina lake. Wapo wasioridhika na ushahidi wa jino moja. Kama ni yeye kweli, basi mwili wake ulikuwa karibu na ule wa Ati wa Punt kuliko zile sanamu nyembamba nyeupe, na mchongaji wake alijua hivyo na akanyamaza, kama kazi yake ilivyomtaka.

Kwa maoni yangu, hadithi ya kisasi haistahili tena kuandikwa kama jambo la hakika, iwe kwenye kitabu cha shule au kwenye kibao cha makumbusho. Anayeenda Luxor atakuta sanamu za Osiris zimerudishwa kwenye nguzo za uwanja wa juu, baada ya kazi ya miongo mingi ya mafundi wa Poland na Misri walioanza mwaka 1961. Nyingi nzuri ziko Cairo na New York, ambazo ziligawana matokeo ya uchimbaji kwa sheria ya wakati ule. Ile ya diorite, yenye gauni la kike na kitambaa cha mfalme, ina wenyewe wawili hadi leo: sehemu ya juu ni ya New York, na ya chini ni ya makumbusho ya Leiden, Uholanzi, iliyokopeshwa mwaka 1998 ili malkia apate miguu yake.